Mwaka Nilioitwa Vinka

Daftari langu lilinirudia kwenye matanga. Tulikuwa tumeshamzika Mama Akoth nyumbani kwake Pap Onditi, nami nilikuwa nimekaa chini ya hema, sahani ya wali mapajani, wakati bintiye, Akoth mwenyewe, alipopenya katikati ya viti akiwa na mfuko wa nailoni wa zamani, ile aina isiyoruhusiwa siku hizi, umefungwa mafundo mawili. Akaniambia kwamba mama yake aliuweka mfuko huo juu ya kabati miaka yote, na kila Desemba, watu wakisafisha nyumba kwa ajili ya wageni, aliushusha, akaupangusa vumbi na kuurudisha. Hakuruhusu mtu mwingine aushike. "Alisema hiyo ni ya Beryl wa Sista," akaniambia. "Alisema hata ukikawia namna gani, utakuja kumzika." Mfuko ulikuwa mzito kuliko daftari. Nilifungua fundo moja, nikavuta pembe ya jalada la buluu, nikaona mwandiko wangu wa ujana umepangwa kwa safu: ja, ti, on, ona, ono. Nikalisukuma ndani na kufunga fundo upesi, nikijifanya nasikiliza hotuba ya mchungaji. Wali ulinishinda.

Habari za kwetu Awasi na za wazazi wangu nimezieleza vya kutosha kwingineko, na sitazirudia hapa. Mwaka huu mmoja ndio sikuwahi kuueleza. Mume wangu anajua tu kwamba kabla ya kusomea uuguzi niliwahi kumhudumia mtawa mmoja mgonjwa kando ya ziwa, na kwamba chakula cha huko kilikuwa kizuri. Nilipokuwa kijana nilidhani mambo usiyoyasema huchoka yenyewe yakaenda zake. Sasa nina miaka arobaini na minane, nimefunga macho ya watu wengi kazini, na bado kuna saa moja ya mchana ambayo sipendi inikute peke yangu. Ni saa kumi. Ndege kwarara wakianza kupiga kelele zao juu ya mabati, natafuta mtu wa kuongea naye, hata kama ni jirani nisiyepatana naye.

Misheni yenyewe ilikuwa ng'ambo ya Dunga, nje ya Kisumu, pale barabara inapoishia na njia ya miguu kuendelea kando ya mafunjo. Kulikuwa na zahanati, kanisa dogo la mawe, na nyumba ya masista yenye veranda ndefu. Chumba cha Sista Anjela kilikuwa cha mwisho. Kwenye bahasha za kwao jina lake liliandikwa Anđela, lenye ile d iliyokatwa shingo, lakini pwani yote ya ziwa ilimwita Anjela. Alifika hapo akiwa na miaka ishirini na sita, kutoka kisiwa kimoja huko Kroeshia, akawa mkunga kwa zaidi ya miaka arobaini. Kijaluo chake kilikuwa cha kutaniana na kukemea. Wanawake waliozaliwa mikononi mwake walikuja kujifungulia mikononi mwake. Akiulizwa kwao ni wapi, alijibu, "An nyar ka," mimi ni binti wa hapa, na alikuwa ameshachagua mahali pa kuzikwa, chini ya ukuta wa kanisa unaotazama maji. Ole wake mtu aliyefunga mbuzi pale.

Kisha kiharusi kikamkuta akiwa kazini, mkono juu ya tumbo la mama mjamzito. Alipozinduka, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na lugha zake zilikuwa zimemtoka. Kijaluo hakikuwepo, Kiswahili hakikuwepo, Kiingereza hakikuwepo. Kilichobaki ni kile alichozaliwa nacho, Kikroeshia, na mji mzima wa Kisumu haukuwa na mtu wa kumjibu. Ndipo nilipoajiriwa, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, kumwogesha, kumgeuza, kumlisha uji na supu ya ngege, samaki wa ziwani, iliyochujwa miiba. Nilipewa kitanda katika chumba kilichopakana na chake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala kwenye chumba chenye dirisha la kioo, na nasema hivi kwa sababu dirisha hilo lina sehemu yake katika nilichokuja kufanya.

Alikuwa mgonjwa mtulivu mpaka saa kumi. Ikifika saa kumi, kila siku, alianza kulia. Hakulia kwa maumivu. Daktari alimpima mara mbili asione kitu. Alilia macho yakiwa mlangoni, akiita maneno tusiyoyaelewa, na kilio kilisikika mpaka zahanati, ambako akina mama waliokuwa foleni walijifunika nyuso kwa leso. Mkuu wa nyumba alikuwa Sista Imelda, mtu wa Murang'a, mchapakazi, mwenye kutembea na funguo kiunoni. Siku moja, nikifagia veranda, nilimsikia akiongea na mtu kwenye simu ofisini kwake. Mpwa wa Sista Anjela alikuwa ameandika barua kwa Kiingereza kutoka kule kisiwani, akisema chumba kipo, cha chini, kisicho na ngazi, na shangazi yao akitaka kurudi arudi. Sista Imelda alitakiwa kujibu kabla ya Krismasi. "Nimrudishe mtu ambaye amesema miaka yote atazikwa hapa?" nilimsikia akiuliza. "Na nikimweka, analia hivi? Nani ataniambia anataka nini?" Nilisimama na ufagio wangu. Nilisikia jambo hilo kana kwamba nimeitwa kwa jina.

Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda mjini kwenye saiba moja karibu na stendi ya mabasi, nikaketi mbele ya kompyuta iliyokuwa na herufi zilizofutika, nikatafuta Kikroeshia cha wanaoanza. Ukurasa ulifunguka polepole, mstari kwa mstari. Ulianza na viwakilishi. Ja ni mimi. Ti ni wewe. On ni yeye mwanamume, ona ni yeye mwanamke, na ono ni yule ambaye si mume wala mke, na huyo alinipa taabu, maana sisi yeye wetu ni mmoja tu, iwe kwa Kijaluo au kwa Kiswahili, na hatujawahi kupotezana kwa ajili hiyo. Mi, vi, oni ni sisi, nyinyi, wao. Nilinakili yote kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kisha vikaja vitenzi: sam, si, je, smo, ste, su, yaani niko, uko, yuko, tuko, mko, wako. Imam, ninayo, imaš, unayo, ima, anayo. Niligundua kwamba kwetu mtu hutangulia, tukasema ni-na-enda, naye mtendaji anajulikana mlangoni kabla hujasikia anafanya nini. Kwao mtu amekaa mkiani, lazima umsubiri neno limalizike. Jamaa wa saiba alichungulia juu ya bega langu akaniuliza kama nimepata mzungu wa kunioa huko. Nikamwambia nimempata, ana miaka sabini.

Nilikariri nikifua mashuka. Nilikariri nikimchambua samaki wake. Siku niliyothubutu, nilisimama miguuni pa kitanda kama mtoto anayesomea wageni, nikasema, "Ja sam Beryl." Sista Anjela aligeuza kichwa. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, kila neno likiwa na uzito wake, "Ti si Beryl." Wewe ni Beryl. Ilikuwa miezi mitatu tangu mtu amjibu neno lolote. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa yale ya saa kumi. Akanyoosha mkono wake mzima, ule wa kushoto, akagonga blanketi mara moja. Baadaye niliambiwa kuwa ndivyo alivyowafundisha wakunga wapya: kugonga mara moja ni sawa, kugonga mara mbili rudia. Basi tukawa na shule. Mimi nasoma kwenye daftari, yeye anagonga. Sauti zao za č na ž zilinifanya nigongewe mara mbili mpaka nikacheka, na yeye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ukurasa ulisema mtu mzima huambiwa vi, kana kwamba ni wengi, kwa heshima. Nilipenda hilo. Nilimwita vi kama ambavyo ningemwinamia mama mkwe.

Lakini saa kumi ikifika kilio kilikuwa kilekile. Nilimuuliza kwa maneno yangu machache, nina nini, una nini, ana nini, na hakunisikia. Kilio kile kilikuwa mbali na daftari langu.

Mama Akoth ndiye aliyekuwa mpishi. Alikuwa mwanamke mpana, mjane, wa Nyakach, aliyepika kana kwamba watawa ni wavuvi wanaorudi na njaa. Jikoni kwake ndiko habari zote za misheni zilikopitia. Nilikwenda pale kila mchana na daftari langu, nikiliweka mezani kati ya mboga na chumvi, na kurasa zake zikajaa madoa ya mafuta. Alikuwa akiniuliza neno hili ni nini, na hili ni nini, mikono ikiendelea na kazi, nami nikadhani ananiliwaza tu. Siku moja alikuwa akichambua mboga ya osuga, kilio kikaanza kule mwisho wa veranda, akasimamisha mikono.

"Beryl, hii kilio mimi naijua," alisema. "Mtoto akilia hivi na hana homa, hana njaa, mnafanya nini kwenu Awasi?"

Nilimwambia anajua vizuri tunachofanya. Tunaita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na mtoto akinyamaza kwenye jina, hilo ndilo lake. Mwenyewe amekuja kulidai. Nikamwambia pia kwamba huyu si mtoto, ni mtawa wa miaka sabini.

"Ameachiwa maneno ya utoto peke yake," alisema. "Sasa wewe unaona huyo ni mtu mzima?"

Akanawa mikono, akavua aproni, akajifunga kitambaa safi kichwani. Sista Imelda alikuwa amekwenda mjini, na sidhani ilikuwa bahati tu. Tuliingia chumbani, Mama Akoth akaniambia nitoe kile kijisanduku cha picha kilichokuwa kabatini. Zilikuwa picha za kwao, za rangi ya chai, zenye majina nyuma. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, akamshika Sista mguu, kama unavyomshika mtoto mchanga unayembembeleza, akaanza kusoma kwa sauti ya juu, akiyatamka kwa Kijaluo chake. Mate. Stipe. Ante. Kilio hakikupungua. Ruža, akasema Ruza, nikamsahihisha, bado kilio. Nilianza kuona aibu. Nilijiona mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nimekaa nikishuhudia ushenzi juu ya mgonjwa wangu. Akageuza picha nyingine, ya wasichana wawili juu ya ukuta wa mawe, mmoja mkubwa, mmoja mdogo amembeba mwanambuzi. Akasoma, "Vinka."

Kilio kikakatika. Hakikupungua kidogo kidogo, kilikatika. Nje kwarara walikuwa bado wanapiga kelele.

Mama Akoth aliweka picha chini kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha: aliyenyamaza ndiye mwenye jina. Kuanzia kesho yake alimwita Sista kwa jina hilo. Vinka, kunywa uji. Vinka, leo kuna mvua. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya, maana hatujui jina linaloitwa ila kwa ajili ya kupewa mtu. Sista hakuwa anataka kuitwa Vinka. Alikuwa anamtafuta Vinka. Kila Mama Akoth alipolitamka, yeye aligeuza macho mlangoni kuona nani anaingia. Na siku ya tatu, saa kumi, aliyeingia nilikuwa mimi na kikombe cha chai.

"Vinka," alisema Sista. "Gdje si?"

Uko wapi. Lilikuwa swali la ukurasa wangu wa pili. Jibu lake nilikuwa nalo, nilikuwa nimegongewa mara moja kwa ajili yake wiki ileile. Nimeligeuza jambo hili miaka ishirini na mitano, na kweli sikumbuki kama niliamua. Nakumbuka kikombe kilivyokuwa kinaniunguza vidole. Nilisema, "Tu sam." Nipo hapa.

Hakulia tena. Habari zilienda mpaka Dunga, kwamba mpishi wa masista amelifukuza zimwi la kizungu kwa jina, na Mama Akoth alitembea wiki nzima kifua mbele. Sista Imelda aliuliza ni dawa gani, akaambiwa ni maombi. Kila siku saa kumi niliingia na chai nikawa Vinka. Niliitazama ile picha nilipokuwa peke yangu. Yule mdogo hakuonekana kwenye picha nyingine yoyote ya baadaye, wala ya harusi wala ya ubatizo, na yule mkubwa katika picha zilizofuata alikuwa amevaa nguo nyeusi. Mengine sikuyajua, na sijayajua hadi leo. Alipoongea nami kwa muda mrefu nilielewa labda theluthi: mbuzi, bahari, mama, ukuta, njaa, samahani. Samahani alilisema mara nyingi. Oprosti, Vinka. Nilimpapasa nywele zake fupi nikamwambia ni sawa. Nimesamehe kitu nisichokijua, kwa niaba ya mtoto nisiyemjua, tena kwa lugha niliyoijua kwa viwakilishi na vitenzi saba.

Niliacha pia kumwita vi. Vinka asingemwita dada yake hivyo. Siku niliposema ti kwa mara ya kwanza, aligonga blanketi mara moja, nami nikajiona kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwenye nyumba na mwenye nyumba bado yuko njiani. Lakini lazima niseme na hili. Nilipenda. Nyumbani nilikuwa binti wa nne, wa kutumwa maji. Pale nilikuwa mtu aliyesubiriwa siku nzima. Nikiingia mlangoni uso wa mtu ulifunguka, na hakuna mwingine duniani aliyeweza kuufungua. Hata masista walianza kuniuliza kabla ya kumgusa.

Kisha akaanza kuuliza. "Kad idemo kući?" Twenda nyumbani lini. Kući, nyumbani, nililazimika kulitafuta tena saiba, ingawa moyoni nilikuwa nimeshalijua. Mara ya kwanza nilibabaika. Nikachukua neno la karibu, ambalo lilikuwa kwenye ukurasa wa siku na saa. Sutra. Kesho. Akatabasamu, akalala. Kesho yake akauliza tena, nami nikasema kesho. Nilimwambia Mama Akoth jikoni kwamba leo tumefundishana kitenzi cha kwenda, nikaandika idem, ideš, ide, idemo, naye akaniuliza, mikono kwenye unga, na hili la mwisho alilosema Sista, kući, ni nini. Nikamwambia ni jina la mahali.

Wiki mbili kabla ya Krismasi Sista Imelda aliniita ofisini. Barua ya mpwa ilikuwa mezani, imekunjuliwa. Hakuwa na ukali siku hiyo. Alionekana mtu aliyechoka, na nadhani alikuwa amelia mwenyewe.

"Beryl, wewe peke yako unamwelewa," alisema. "Sitaki unachofikiri. Nataka anachosema. Anataka kwenda kwao ama anataka kubaki?"

Ningeweza kusema yote mawili. Ningeweza kusema: alipokuwa mzima alisema hapa, sasa anasema kule, amueni nyinyi wenye viapo. Ndivyo ningemshauri muuguzi yeyote mdogo leo. Badala yake niliyaona yote kwa pamoja: kitanda kikipakiwa kwenye gari, chumba kikifungwa, mimi nikirudi Awasi na mkoba, na saa kumi ikifika bila mtu wa kuniita kwa jina lolote. Nililiona hata lile dirisha. Nikajisemea kwamba Sista wa kweli ni yule aliyesema an nyar ka, na kwamba huyu wa sasa ni ugonjwa unaoongea. Sijui bado kama ni uongo. Najua tu kwamba sikulifikiria mpaka nilipolihitaji.

"Anasema anataka kubaki," nilisema.

Sista Imelda alifumba macho akashukuru Mungu. Jibu likaenda Kroeshia kabla ya Krismasi.

Yeyote aliyelelewa kwetu anajua nilichokifanya. Sisi ndio tunaosafirisha maiti kutoka Mombasa mpaka Nyakach, usiku na mchana, na mtu akizikwa ugenini tunamhurumia kuliko tunavyomhurumia aliyekufa akiwa kijana. Bado nilikaa pale nikimlisha supu, na kila saa kumi nikamwambia kesho. Alikuwa akiniamini. Januari ikapita, Februari ikapita. Sauti yake ilianza kwenda chini, akawa anauliza kwa macho tu, nami nikajibu kabla hajamaliza kuuliza. Mvua za masika zilipoanza, magugu maji yakasukumwa mpaka ufukweni, harufu yake ikajaa chumbani. Siku moja niliingia na chai, nikasema neno langu hata kabla sijaweka kikombe. Sutra. Akanitazama. Hakunitazama kama Vinka. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama tukisoma, akisubiri nimalize ili agonge.

Akagonga mara mbili.

"Ti ne ideš," alisema. Wewe huendi. Kisha, polepole, akijigusa kifua kwa mkono ule mmoja, "Ja idem."

Hayo yalikuwa maneno rahisi kuliko yote tuliyojifunza, na hakuniambia mengine. Siku tatu baadaye, asubuhi, alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwangu, akiwa amegeukia ukuta. Tulimzika pale alipopachagua alipokuwa mzima. Watu walijaa mpaka kwenye mafunjo, wote waliozaliwa mikononi mwake, wakaimba kwa Kijaluo. Nilimwona Mama Akoth akiinama kando ya kaburi kabla halijafukiwa, akafunga kitu kwenye leso na kukitia kifuani. Nilidhani analia. Mwezi huohuo niliondoka kwenda kusomea uuguzi, daftari nikaliacha jikoni makusudi. Miaka yote iliyofuata tulikutana na Mama Akoth mara tatu, sokoni na kwenye harusi moja, tukaulizana habari za watoto na bei ya omena, na hakuna kati yetu aliyemtaja Sista.

Nilifungua mafundo yote mawili nikiwa nyumbani kwangu, mume wangu akiwa amekwenda shambani. Nililipitia daftari taratibu. Madoa ya mafuta yalikuwa yamegeuka kahawia. Kando ya safu zangu, kwa penseli, kulikuwa na mwandiko mwingine, mkubwa, wa mtu aliyeacha shule mapema, ambao haukuwepo nilipoliacha. Alikuwa amechukua maneno yangu na kuyawekea ya kwetu. Kwenye ukurasa wa kitenzi cha kwenda, mbele ya kući, ambalo nilimwambia ni jina la mahali, alikuwa ameandika dala, nyumbani. Mbele ya sutra, kiny. Na chini kabisa, mstari mmoja: Beryl wacho ni kiny. Beryl anasema kesho. Aliyekuwa akiuliza mikono ikiwa kwenye unga alikuwa akijifunza. Alikuwa akisimama mlangoni saa kumi, pengine, na sufuria yake, akisikiliza.

Chini ya daftari kulikuwa na kopo la kakao, kifuniko kimefungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na udongo, mweusi, mkavu, wenye vipande vya kombe za konokono wa ziwani. Sikuhitaji kuambiwa ni wa wapi. Nilimpigia Akoth simu hata hivyo, kwa sababu nilitaka kusikia sauti ya mtu. Akasita, akaniuliza kama nitakasirika, nikamwambia sitakasirika.

"Mama alisema hiyo mchanga si ya kukaa kwetu," alisema. "Mtu akizikwa mbali, mnachukua mchanga ya kaburi mnapeleka kwao, ndio alale. Nikamuuliza, mbona wewe hujapeleka? Akasema, si mimi nilimwambia kesho. Ni Beryl alimwambia kesho. Wacha Beryl ajifikirie."

Mama Akoth hakunisuta hata mara moja. Angeweza kwenda kwa Sista Imelda wakati ule, Sista Anjela bado yu hai, akasema Beryl anawadanganya. Pengine naye alitaka abaki. Pengine alikuwa akinipa nafasi ya kusema mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka siku zikaisha, kisha akanipa miaka ishirini na mitano mingine. Nimemlilia Mama Akoth kuliko nilivyomlilia kaburini kwake, na nimemkasirikia pia.

Anwani ya mpwa niliikuta nyuma ya daftari, niliyoinakili zamani kutoka kwenye bahasha kwa kupenda zile herufi. Sijui kama bado anaishi pale, au kama anaishi. Jumapili baada ya kanisa nilikaa mezani kumwandikia. Nilianza kwa Kiingereza, na kila sentensi ilitoka imevaa nguo za kujitetea, jinsi nilivyokuwa kijana, jinsi alivyokuwa ametamka wazi kabla ya ugonjwa. Nikachana karatasi. Nikafungua daftari, nikaandika kwa maneno niliyonayo, ambayo ni machache mno kuweza kujificha nyuma yake. Ja sam Beryl. Anđela hoće kući. Ja kažem, ona neće. Mimi ni Beryl. Anjela anataka kwenda nyumbani. Mimi nasema, hataki. Nikaongeza kwa Kiingereza kwamba ninao udongo wake, na kwamba nitauleta kama wataniruhusu, na kama hawataki kuniona, nitautuma.

Barua ilikwenda Jumatatu. Kopo nimeliweka kwenye dirisha la chumba cha kulala, na mume wangu, nilipomweleza yote hatimaye, aliniuliza pasipoti hutolewa wapi siku hizi. Saa kumi ikifika, kwarara wakianza, siendi tena kwa jirani. Naingia chumbani, napangusa vumbi kwenye kifuniko, na kukaa naye kidogo. Neno sutra silisemi mbele yake.